Sinia la Mchana

Malindi, Mjini Unguja
Jumatatu, 3 Machi 2025

Kwa mume wangu Hamoud,

Asalaam aleikum. Umeondoka Jumamosi na nyumba imepata raha, nisikufiche. Si kwa sababu hupo, ila wageni hawana tena wa kumtazama. Jana Bi Rukaiya alikuja na chupa ya maji ya karela, dawa yake chungu ya sukari. Nikamwambia mgonjwa kasafiri. "Kasafiri! Kenda wapi na hali ile?" Nikamwambia kenda Makunduchi kwa mama yangu kupumzika. Akasikitika sana, nadhani kwa ajili ya karela. Unaikumbuka siku ile alipokaa saa nzima akikutazama miguu mpaka kichwa? Alipotoka ukaniambia alikuwa anakupima sanda. Ndiyo mara ya mwisho kunichekesha, na maneno yale nimeyaweka.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu imetushinda. Nikikupigia unanyamaza, nami nikisikia kimya chako naropoka, mwisho nagomba. Lakini mwezi uliopita nilikuachia kikaratasi juu ya mto: "Chai au uji?" Ukaandika chini yake: "Uji, lakini usiulete na uso ule." Nikajua kumbe kwenye karatasi bado upo. Basi tuandikiane. Mcha, jirani wa Mama, analeta pweza wake sokoni Darajani karibu kila siku, atatubebea.

Sindano zako za sukari ziko kwenye friji ya Mama, chini ya pweza. Vidonge vya sonona viko kwenye mfuko wa kanzu ya kijivu. Daktari alisema maradhi haya mawili yanasaidiana. Ukiacha dawa ya moja, la pili linapata nguvu. Na Ramadhani hii hufungi. Mama anajua, atakuletea sinia mchana, ule kisha upige usingizi.

Dukani kijana wetu Wakil anaendelea kupika halua badala yako. Anakoroga vizuri, ila anaimba, na sauti Mungu hakumpa. Wateja wanafanya mzaha, eti mpika halua kapata sukari kwa kulamba mwiko. Nacheka nao, kisha naingia ndani kidogo mpaka macho yakauke.

Nijibu hata mistari miwili.

Mkeo,
Badria


Makunduchi
Alhamisi, 6 Machi 2025

Mke wangu Badria,

Waaleikum salaam. Barua yako imefika ikinuka pweza. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimeziba pua.

Sindano napiga asubuhi na jioni, sijaruka hata moja. Vidonge nameza. Mama yako ananifanyia adabu mpaka naona haya. Ikifika adhuhuri analeta sinia limefunikwa kawa, analiweka nje ya mlango, anakohoa mara moja, anakimbia. Sijapata kumwona mtu mzima anayekimbia namna ile. Alasiri analikuta sinia pale pale, tupu. Hana la kulalamika.

Najua utaniuliza moyo uko vipi. Upo. Asubuhi ndiyo ngumu. Nikifungua macho naiona siku yote mbele yangu, nami sijui niishike wapi. Lakini huku hakuna anayenitazama kwa huruma. Kuna kuku tu, nao wananitazama kwa sababu zao.

Mwambie Wakil asiimbe karibu na sufuria.

Hamoud


Makunduchi
Jumapili, 9 Machi 2025

Mwanangu Badria,

Nakuandikia kwa mkono wangu, herufi zangu unazijua, zinatembea kama kaa. Ningekupigia, lakini mimi na kunong'ona kwenye simu ni mbalimbali, na mumeo yuko chumba cha pili.

Mkwe wangu hajambo. Anakula, namshukuru Mungu. Ugali wa mtama, mchicha, samaki wa kuchoma, vyote vinakwisha. Sinia linarudi halina punje wala mwiba. Nikasema, huyu Mwarabu wako sasa kazoea kwetu. Kakonda uso kidogo, lakini hilo ni jua. Hasemi sana. Namsikia anasoma Kurani, sauti nzuri, ila inakatika katikati kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda.

Na mimi mzima, usiniulize ulize. Kuku wangu Ramadhani hii wamenenepa, sijui wanapata wapi. Jogoo hawezi tena kuparamia ukuta. Sikukuu nitakuletea mmoja.

Mamako,
Kazija


Malindi
Jumatano, 12 Machi 2025

Hamoud,

Mama ameniandikia kwamba kuku wake wamenenepa. Nakuuliza swali moja tu, na jibu nalitaka kesho kwa Mcha. Kuku hao wanakula nini?

Tangu nikuoe, maana ni mimi niliyekuoa wewe, ulikuwa na haya kupita kiasi, sijakuona ukila mwiba wa samaki. Unaila nyama, miba unaipanga ukingoni mwa sahani safi kama inakwenda kuuzwa. Mama anasema sinia linarudi halina mwiba hata mmoja. Wewe si paka.

Kama unapiga sindano na huli, sukari itashuka na utaanguka. Daktari alilisema mbele yetu sote wawili, na alipolisema alipiga meza. Mama sijamwambia, atakufa kwa aibu akijua mgeni wake ana njaa ndani ya nyumba yake. Nataka nilisikie kwako kwanza. Nimejaribu kuandika barua hii kwa upole, nawe utaona nilivyoshindwa.

Kula, Hamoud. Ukishaisoma hii, kabla ya kuikunja, kula kitu.

Badria


Makunduchi
Alhamisi, 13 Machi 2025

Mwanangu Badria,

Kwanza, mumeo mzima. Soma hapo tena, kisha uendelee.

Jana jioni kwenye simu nilikwambia kateleza kisimani. Nilisema hivyo kwa sababu alikuwa ananitazama kwa macho ya kuniomba. Hakuteleza.

Mchana nilikuwa jikoni, nikamsikia anazungumza uani. Nikachungulia. Anazungumza na kuku. Jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, sinia liko chini na kuku wamelizunguka kama watu wa karamu. Pale nikasahau ukwe, nikatoka mbio. Akanishika mkono, Badria. Akaniita mpenzi. Akasema, "Badria, leo umependeza kuliko siku ya harusi. Mbona umejifunika?" Mimi, na umri wangu huu! Nikamwambia, "Hamoud, mie mama mkwe wako!" Akasema, "Hata hasira zinakupendeza."

Nikakumbuka ulivyonifundisha. Nikaikoroga sukari kwenye maji, nikamkalisha, nikamnywesha kidogo kidogo, naye anakunywa huku ananisifia macho. Talib wa nyumba ya pili akaleta gari, tukampeleka hospitali. Wakamtia maji, wakampa chakula, wakatugombeza sote wawili. Tulirudi kabla ya magharibi, na sasa akili zake zote ziko mahali pake, na ndiyo taabu yenyewe, kwa sababu anakumbuka. Kajifunika shuka gubigubi hataki kutoka. Na mimi sitoki jikoni. Tumekaa watu wawili nyumba moja kila mmoja kamkimbia mwenziwe, na futari mke wa Talib ndiye aliyempelekea chumbani.

Nimecheka, na nimelia. Siku zote hizi napika kwa bidii, na mtoto wa watu ana njaa nyuma ya mlango.

Barua uliyoniletea nimpe nimeisukuma chini ya mlango. Imechukuliwa.

Mamako,
Kazija


Malindi
Ijumaa, 14 Machi 2025

Hamoud,

Nilikuwa nishavaa buibui nije. Kisha nikakaa kitako. Nikija utageukia ukuta, nami nitapiga kelele, na Mama atajitia baina yetu. Kwa hiyo nimekaa dukani naandika, na Wakil nimemwambia akiimba leo nampiga kwa mwiko.

Nina hasira na wewe mpaka nimempa mteja mmoja halua ya mwenziwe. Sijaruka sindano! Sinia linarudi tupu! Hukusema uongo hata mmoja, na kwa maneno hayo ya kweli ungenifanya mjane. Watu wangekuja hapa kunipa pole na kuniambia mumeo alikuwa mtu wa dini, kafa na saumu yake. Simtaki marehemu mwenye sifa. Namtaka Hamoud aliye hai, anayekula mchana, mkono unanuka samaki, na akitaka agombe.

Na ruhusa ya kutofunga sikukupa mimi, wala daktari. Kakupa yule yule aliyeiweka saumu. Wewe ni nani umrudishie?

Nimemaliza kugomba. Sasa nakuuliza taratibu: kwa nini? Usiniandikie tena maneno ya kweli. Niandikie kweli yenyewe, hata ikiwa mbaya. Nitaibeba.

Kuhusu Mama, usijifiche. Mtu hajasifiwa macho tangu Baba afariki. Hajakasirika hata kidogo.

Mkeo, ambaye hakuwapo siku alipopendeza,
Badria


Makunduchi
Jumatatu, 17 Machi 2025

Badria,

Barua yako nimeisoma chini ya shuka, na ule mstari wa mwisho ulinifanya nicheke, kisha nikaona haya upya.

Umetaka kweli. Sindano haifunguzi saumu, mashekhe wamesema, na mimi nikaona nimepata ujanja mkubwa. Nikipiga sindano nimemridhisha Badria, nikifunga nimejiridhisha mimi. Mwili haukushauriwa.

Tangu niumwe kila mtu ananipa ruhusa. Ruhusa nisibebe gunia, ruhusa nisisimame motoni, ruhusa nisende maziko kwa sababu nitachoka. Hata barazani watu wakibishana mpira, mimi nikisema neno wananikubalia, mgonjwa asiudhiwe. Nimeruhusiwa mpaka sikubaki na jambo ambalo nikiliacha mtu ataniuliza. Saumu ilikuwa ya mwisho. Nikifunga, mpaka jua lizame nilikuwa mtu kama watu.

Na kuna lingine. Mama yako kafunga, koo limemkauka, kasimama mbele ya moto ananipikia mimi mwanamume mzima. Nikimsikia anakohoa mlangoni, tonge linasimama kooni. Nimejaribu, Badria. Halishuki.

Sikutaka kufa, nakuapia. Lakini ziko asubuhi ambazo kufa na kuishi naviona sawa, kama habari za mtu nisiyemjua. Nakwambia kwa sababu umesema utaibeba, na kwa sababu kulisema kunanitisha kidogo kuliko kulificha.

Sasa nakula nusu. Nusu nyengine bado inanishinda, na kuku washajua saa yangu, wanakuja kunisubiri mlangoni.

Hamoud


Malindi
Jumanne, 18 Machi 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Jana Hamoud kaniandikia kweli, na nimemshukuru Mungu, ingawa ni nzito. Asubuhi hii nimekwenda na barua yake kwa daktari. Anataka kumwona wiki ijayo, vidonge atavibadilisha, na amesema kabla ya hapo asiachwe peke yake asubuhi. Usimwulize ulize. Mpe kazi. Mtume kama unavyotutuma sisi, bila ya huruma.

Sasa nakuomba jambo ambalo binti hamwombi mama yake. Kesho usiliache sinia nje. Ingia nalo. Kaa mkekani mbele yake mpaka amalize.

Najua. Mkwe hali mbele ya mama mkwe. Sijasahau ulivyomtundikia pazia mwaka wa kwanza alipokuja, ukampakulia kwa kupenyeza mkono, naye akapokea ametazama pembeni, na sahani ikaanguka. Adabu hiyo tumelelewa nayo na naipenda. Lakini Mama, juzi adabu hiyo nusura iniulie mume. Yeye anaona haya kula, wewe unaona haya kumtazama kama anakula, na kuku wanashiba.

Anasema tonge linamkaa kooni kwa sababu wewe umefunga. Basi na akuone. Akuone umekaa na saumu yako, hujanuna, huna dhiki. Mcheke kidogo. Wewe ukimcheka mtu anapona.

Ukishindwa nitakuelewa. Ila usishindwe.

Mwanao,
Badria


Makunduchi
Alhamisi, 20 Machi 2025

Mke wangu Badria,

Kaa chini kwanza, na kama kuna mteja mhudumie aondoke.

Jana mchana nilisubiri kikohozi, sikukisikia. Mlango ukafunguliwa. Mama yako akaingia na sinia, akakaa mkekani, akaondoa kawa. Sahani mbili. Mimi nikautazama ukuta. Nikamwuliza, "Mama, kuna mgeni?"

"Mgeni mie," akasema.

Akanawa. Badria, mama yako alinawa mkono mchana wa Ramadhani, akamega tonge, akachovya, akala. Nilidhani sukari imenishuka tena naona mambo. Nikajishika kifua kuona kama natoka jasho.

"Usinitazame hivo," akasema. "Presha, na figo. Daktari kanikataza kufunga tokea mwaka jana. N'nakula jikoni nyuma ya mlango, nimesimama, n'natia mkono chunguni kama mwizi. Ndo maana nikikuwekea sinia n'nakimbia. Samaki wangu anapoa."

Nikamwuliza kama wewe unajua.

"Badria? Ajue nini? Ana mgonjwa mmoja, nimwongeze na wa pili? Wewe n'kaogopa ukinijua utasema, mama mkwe gani huyu, anakula mchana. Nshachoka, Hamoud. Nshachoka kula nimesimama."

Nikaanza kucheka. Nilicheka, Badria, kicheko chenyewe kilichokuwa kimepotea, mpaka kikageuka kikawa kilio na nikashindwa kukizuia. Nililia mbele ya mama mkwe wangu, kamasi na machozi. Hakunipapasa, hakunipa pole, wala hakutoka. Alinisukumia kichwa cha samaki.

"Lia, mwanangu," akasema. "Lakini tafuna."

Nilitafuna. Tonge lilishuka.

Amenikataza nisikwambie. Nimemwambia sifichi tena kitu, si changu wala chake. Kakasirika, kisha kasema basi nikwandikie vizuri usishtuke. Hivi ndivyo vizuri nilivyoweza. Vidonge vyake alikuwa anaruka siku anapojisikia nafuu, na hilo sasa siliruhusu. Nimekaa naye leo mpaka kameza, kaniita dikteta. Sindano yangu anaisimamia yeye kwa mikono kiunoni. Badria, tangu niumwe hakuna aliyenihitaji niwe mkali kwake, na sikujua jinsi nilivyokuwa na kiu ya kukasirikiwa.

Asubuhi bado ni ngumu, nisikudanganye. Leo ilikuwa ngumu. Lakini kuna mtu anagonga na kusema, "Amka, mchicha haujichumi," na si mtu wa kubishana naye. Wiki ijayo nitakwenda kwa daktari kama ulivyopanga. Nimemshauri Mama twende sote. Amesema hataki, na anatafuta buibui lake zuri.

Mumeo,
Hamoud


Malindi
Ijumaa, 21 Machi 2025

Kwa Mama na kwa Hamoud. Muisome pamoja, na aliyepoteza miwani asomewe.

Nimelia dukani mpaka Wakil akaacha kuimba mwenyewe, akaniletea kiti.

Mama, figo! Figo, Mama, na mimi nakuletea mume wangu umwuguze! Nikikupigia unaniambia "mzima, usiniulize ulize," na mimi mjinga siulizi. Nilidhani ninaye mgonjwa na muuguzi, kumbe ninao wagonjwa wawili wanaopikiana. Nikianza kukugombeza sitamaliza karatasi, kwa hiyo nitaanza nikifika.

Hamoud, barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika pale ulipocheka nasimama. Mimi nilikaa mwaka mzima nikikufunika kwa shuka, kwa dua, kwa maneno ya upole, kumbe ulitaka mtu akusukumie kichwa cha samaki. Sioni wivu. Naona wivu kidogo. Hili la asubuhi kuwa ngumu endelea kuniambia, hata zikiwa ngumu mwaka mzima, sitachoka kulisikia.

Duka namwachia Wakil. Jumapili asubuhi nakuja, na wiki ijayo tutakwenda kwa daktari sote watatu, na Mama akivaa buibui zuri na mimi nitavaa langu.

Lakini kabla ya hapo, Jumapili hiyo hiyo, adhuhuri, mtanipikia mimi? Hapana. Mimi nina afya, nimefunga, na nitafunga. Nitakaa baina yenu mkekani, mmoja kulia, mmoja kushoto, sinia katikati, mlango wazi. Nitawatazama mnakula kuanzia tonge la mwanzo mpaka la mwisho, sigeuzi uso, sikohoi. Haya mtaiona tu, hiyo siwezi kuwaondolea. Iacheni ikae nasi mkekani. Mikono yenu iwe kwenye sinia.

Wenu nyote wawili,
Badria